Sina Mtegemezi Hata Mmoja

Jamani wa mtaa wetu, na ninyi wa mitaa mingine mnaopita njia, vuteni viti. Mimi ni kinyozi. Kazi yangu ni vichwa vya watu, na mtu akishainamisha kichwa mbele ya kinyozi, mdomo hufunguka wenyewe, kwa hiyo ninajua mambo mengi ambayo sikuyauliza. Haya ninayowasimulia mengi niliyaona kwa macho, na yale niliyosimuliwa nitawaambia nani alinisimulia. Mkiona ninababaika katikati ya maneno, msishangae. Nimechanganyikiwa kweli, na miaka imepita.

Banda langu limepakana na karakana ya Fundi Geti. Ukuta wetu ni mmoja, yeye akipiga nyundo, mimi kioo kinacheza. Mageti ya mtaa mzima ni kazi ya mikono yake, ndiyo maana akaitwa hivyo hata watu wakasahau jina alilopewa na wazazi wake. Asubuhi za Jumamosi zilikuwa na raha yake pale. Fundi anachomelea, cheche zinaruka, mkewe anaanika nguo kwenye kamba ya uani huku mtoto wao mdogo wa kiume akimng'ang'ania sketi, na binti yao wa miaka tisa amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, simu ya baba yake mkononi.

Binti huyo tulimwita Bosi. Fundi mikono yake imejaa kazi muda wote, basi wateja wakipiga simu, Bosi ndiye anayepokea. "Geti la futi ngapi? Milango miwili au mmoja? Rangi gani? Subiri nimuulize fundi wangu." Fundi wangu! Halafu anamwimbia baba yake vipimo vyote kutoka mlangoni, bila kuandika popote na bila kukosea. Watu walikuwa wanapiga simu makusudi kumsikia. Fundi alikuwa akiniambia, "Kinyozi, mimi nikichoka, karakana hii ni ya yule. Mimi nitakuwa kibarua wake." Nilicheka, lakini yeye hakuwa anatania. Mtoto alishajua kutofautisha bawaba nzito na nyepesi kabla hajajua jedwali la kuzidisha.

Mtu mwingine katika nyumba ile alikuwa kaka yake Mama Bosi. Huyu tulimwita Mgeni. Alikuja kumsalimia dada yake kwa wiki moja, na wiki hiyo ikawa inaingia mwaka wa tatu. Kula, kulala, kijiti cha meno mdomoni. Fundi hakumfukuza, maana ni shemeji yake na heshima ina gharama zake, ila kila sahani ilikuja na maneno. "Mtegemezi ni mtu mbaya sana," Fundi alikuwa akisema hewani, kana kwamba anazungumza na ukuta. "Anakukalia kichwani, na bado analalamika kichwa chako kina mifupa." Kwa hiyo muelewe mapema: katika nyumba ile, neno mtegemezi lilikuwa tusi. Na mimi jirani yao nililijua hivyo hivyo.

Sasa ikaja bima.

Serikali ilitangaza bima ya afya ya umma. Mzazi anajiandikisha, anapewa kadi, na watoto wake wote wanaingia humo humo bila kuongeza chochote. Jambo jema kabisa. Wasajili walikuja na meza na turubai, wakajipanga pembeni ya soko, na sisi tukapanga foleni. Mimi nilikuwa mbele ya Fundi. Dada aliyekuwa anaandikisha alikuwa amechoka, sauti imemkauka, anauliza maswali yale yale kwa kila mtu bila kuinua macho kutoka kwenye kompyuta yake. Aliponiuliza habari za wategemezi nikasema sina. Kwangu mimi lilikuwa jibu la kweli, wanangu ni watu wazima na wana maisha yao. Nikasogea pembeni kumngoja mwenzangu.

"Mwenza unaye?" dada akamuuliza Fundi.

"Ninaye." Akamtaja mkewe.

"Wategemezi?"

Fundi akageuka kutazama nyuma. Foleni ilikuwa imejaa wateja wake, na pembeni kabisa alikuwa amesimama Mgeni, mkono mfukoni, anatazama watu.

"Unasemaje, dada?"

"Wategemezi, mzee. Unao wangapi?"

"Sina!" Fundi alisema kwa ile sauti yake ya kushindana na mashine ya kukatia chuma. "Sina mtegemezi hata mmoja! Kwangu mimi kila mtu anajitegemea!"

Watu wakacheka, wengine wakapiga makofi. Dada akauliza tena, kwa uchovu, "Hata mmoja?"

"Hata mmoja. Andika hivyo hivyo."

Tukaondoka naye kifua mbele. Mgeni alitufuata nyuma huku macho yamemlegea kwa furaha. Jioni ile alikuja kwenye kiti changu kunyolewa ndevu akaniambia, "Umemsikia shemeji? Kanisitiri mbele ya kadamnasi. Angeweza kunitaja, hakunitaja." Kesho yake, kwa mara ya kwanza tangu aje, Mgeni alishika ufagio na kufagia karakana. Mimi nikadhani bima imeanza kufanya kazi.

Nyuma yetu kwenye foleni alikuwepo Mama Mkaa, yule anayeuza mkaa kwenye kona. Alikuja kutusimulia mwenyewe baadaye, huku akijicheka. Alipoulizwa wategemezi alisema, "Dada yangu, mtegemezi ndiyo mnyama gani? Maana kama ni mume wangu, huyo yumo." Foleni ikaguna, eti anachelewesha watu. Dada akainua macho akasema, "Ni watoto wako, mama. Unaowalea." Mama Mkaa akamjibu, "Si ungesema watoto! Ninaye mmoja, wa kike." Tulicheka mpaka machozi. Fundi naye alicheka. Nilimtazama usoni wakati anacheka na sikuona kitu chochote kimemgusa. Hapo ndipo ninapochanganyikiwa kwanza. Alisikia kwamba wategemezi ni watoto. Mimi pia nilisikia. Mbona hakuna kati yetu aliyerudi nyuma akayaunganisha yale mambo mawili? Nafikiri tulidhani ni ujinga wa Mama Mkaa, siyo wetu.

Mvua zilipoanza, Bosi aliletwa kunyolewa kwa ajili ya shule. Nilipofika karibu na sikio la kushoto akaruka. Nikainama kutazama. Lilikuwa linatoa usaha, na harufu yake haikuwa ya siku moja. Nikatoka na mashine mkononi nikamwita baba yake.

"Fundi, mtoto ana sikio."

"Maji ya kuoga hayo."

"Maji hayanuki hivi, kaka. Kadi unayo, mpeleke."

Akampeleka. Sikuwepo, lakini Mama Bosi alikuwepo, naye ndiye aliyenisimulia. Walifika dirisha la mapokezi, Fundi akatoa kadi yake kama mtu anayetoa karata ya ushindi. Kijana wa dirishani akaisoma, akatazama skrini.

"Mzee, kadi hii nzima. Ila mtoto hayupo."

"Hayupo? Si huyu hapa nimemshika mkono?"

"Kwenye mfumo hayupo."

"Mfumo unamjuaje mwanangu kuliko mimi?"

"Mzee, ninachosema, hukumsajili. Ilitakiwa umweke kama mtegemezi. Nenda ofisi ya bima, jengo la pili, waambie huyu ni mtegemezi wako, ni dakika chache tu."

Mama Bosi anasema mumewe alibadilika rangi. "Nani mtegemezi? Huyu? Huyu ndiye anayepokea kazi zangu zote! Huyu ndiye mwenye karakana!"

"Sijakutukana, mzee."

"Umenitukana. Umemtukana na mwanangu."

Watu nyuma wakaanza kupaza sauti, kila mmoja na shida yake. Mama Bosi akamvuta shati mumewe, akamwambia, "Baba Bosi, sema tu, hilo ni neno la kwao, halina uzito." Hakusema. Alimbeba mtoto mgongoni, mtoto wa miaka tisa, akatoka naye nje ya lango. Njiani akanunua dawa ya matone kwenye duka la dawa. Sikio likakauka kwa muda, akatamba. Likaanza tena, akanunua tena. Mama Bosi alipokwenda peke yake ofisi ya bima, aliambiwa mwenye kadi lazima aje mwenyewe. Alimwomba mumewe kwa upole, alimwomba kwa ukali, alinuna siku nzima bila kuongea. Jibu likawa lile lile: "Nitakwenda." Na ukitaka kujua kama mtu hatakwenda, msikilize anavyosema nitakwenda.

Nilikasirika naye. Tena ninakasirika sasa hivi ninapowasimulia. Lakini nikikumbuka alivyombeba yule mtoto mgongoni, mzito vile, hasira inakosa pa kukaa. Alikuwa anampenda. Alidhani anamtetea.

Mtoto wa Mama Mkaa alipata ugonjwa ule ule katika mvua zile zile. Mama yake alimpeleka, akataja jina, jina lipo. Wakampa dawa, wakamwambia arudi, akarudi, basi. Sina zaidi ya kuwaambia juu yake.

Kwa Bosi mambo yalianza kugeuka pole pole. Mwalimu wake aliita wazazi akasema mtoto amekuwa mzembe, anaulizwa swali anatazama dirisha. Wakamhamishia viti vya nyuma pamoja na watukutu, na huko nyuma akawa hasikii kabisa. Wenzake wakawa wanamcheka kwa kujibu swali ambalo hakuulizwa. Mwaka ulipoisha hakuvuka darasa. Na simu, ile simu yake, akaanza kuiogopa. Siku moja mteja alitaja upana wa geti, Bosi akamwimbia baba yake kipimo kingine. Geti likatengenezwa, likapakwa rangi, likapelekwa, likakataa kuingia mlangoni. Fundi alirudi nalo juu ya mkokoteni, mtaa mzima unatazama.

"Umeambiwa nini wewe? Umeambiwa nini?" alimfokea.

Bosi alimtazama mdomoni, hakumtazama machoni. Nililiona hilo. Akasema, "Eti, baba?"

"Ndiyo jeuri hiyo sasa!" Fundi akanigeukia. "Umemwona? Amekuwa jeuri."

Mimi nilimwona. Sikuwa na hakika nimeona nini.

Kisha siku moja likaja lori la vyuma. Lilikuwa linarudi kinyumenyume kuingia karakana, dereva anapiga honi, utingo anapiga bodi, na Bosi amechuchumaa nyuma yake akichezea vipande vya bati. Tulimwita sote. Baba yake alimwita kwa ile sauti inayoshinda mashine. Mtoto hakugeuka. Hakutikisika hata bega. Sote tulibaki tumeganda kwa kutoelewa jinsi mtu anavyoitwa hivyo na asigeuke. Asiyeganda ni Mgeni. Alitupa ufagio, akamrukia, akamnyakua kwa nguo, wakaanguka pamoja kwenye matope, na vyuma vikapita pale alipokuwa.

Bosi alilia kwa sababu alidhani anapigwa. Fundi alipiga magoti mbele yake akawa anasema, "Hukunisikia? Mwanangu, hukunisikia?" Naye anamtazama mdomoni.

Mgeni alisimama, matope mpaka kwenye kope. Kwa miaka yote ile sikuwahi kumsikia akimpandishia shemeji yake sauti. Siku ile alisema, "Shemeji, mpeleke mtoto."

"Kule walimwita..."

"Najua walimwita nini. Dada yangu kaniambia leo hii. Mtegemezi ni mimi, shemeji. Mimi ndiye ninayekula kwako, na ulipokuwa unasema na ukuta nilikuwa nasikia. Kama neno hilo linakuuma, nibebeshe mimi. Mtoto hahusiki na ugomvi wetu."

Fundi alinawa mikono na kuvaa shati safi, akaondoka na mwanawe, na mara hii Mgeni alikwenda naye, ndiye aliyenisimulia. Ofisi ya bima waliuliza lile swali, Fundi akasema anao wawili, akataja majina ya wanawe. Kumwingiza Bosi kulichukua muda mfupi kuliko mimi ninavyonyoa kidevu. Daktari alipomaliza kumtazama aliwaeleza kwamba ugonjwa umekula mifupa midogo ndani ya sikio la kushoto, na sikio hilo halitarudi. La kulia lilikuwa limeziba kwa usaha na limeanza kuharibika, lakini watalifanyia upasuaji. Walilifanyia, likapona. Kila kitu kilipita kwenye kadi ileile iliyokuwa imelala mfukoni mwa Fundi tangu siku ya turubai.

Kwa hiyo niseme Bosi aliokoka? Wengine husema hivyo, na wana haki. Lakini daktari aliongeza neno moja lililommaliza Fundi. Alisema sikio lililobaki lisikae karibu na kelele kubwa. Karakana. Mashine ya kukatia, nyundo, chuma kwa chuma. Mtoto aliyeandaliwa kuwa mwenye karakana hakuruhusiwa tena kukaa ndani yake. Shule nayo ilishamwacha nyuma, alisoma na watoto wadogo kuliko yeye, na alipofika umri wa kuona aibu akaacha. Siku hizi ni msichana mkubwa. Anasubiri mashine zizimwe jioni ndipo aingie kupaka rangi mageti ya watu. Anapaka vizuri sana. Karakana itarithiwa na mdogo wake, ambaye vyuma havipendi wala havimpendi.

Binti wa Mama Mkaa yuko chuoni anasomea uhasibu. Siku moja alikuja kumchukua mdogo wake, aliyezaliwa baada ya mambo yale, kwenye kiti changu nikamuuliza habari za sikio lake. Akanishangaa. "Sikio gani?" Hakumbuki kabisa kwamba aliwahi kuugua. Mama yake naye ilibidi afikiri kwanza.

Hivi karibuni Bosi alikuja bandani kwangu kupunguza nywele. Mashine za jirani zilikuwa zimezimwa, na nje watu wa kazini walikuwa wanapita kurudi kwao. Fundi alikuja akaegemea mlango wangu, upande wa kushoto wa binti yake, kuzungumza nami habari za umeme. Bosi hakujua kwamba baba yake yupo. Akaniuliza ghafla, kwa ile sauti yake ya juu kidogo, sauti ya mtu asiyeisikia vizuri sauti yake mwenyewe.

"Baba Kinyozi, hivi ule ugonjwa wangu haukuwa na dawa enzi zile?"

Mashine ilinisimama mkononi. Nikamwambia, "Ilikuwepo."

"Sasa ilikuwaje?"

Nikatafuta pa kuanzia nisipaone. Nianze na turubai? Na dada aliyechoka? Na Mgeni? Kila nilipogusa palinitoka.

Fundi akasema kutoka mlangoni, polepole, "Dawa ilikuwepo, mwanangu. Waliniuliza kama nina watoto, nikasema sina."

Bosi aliona kwenye kioo kwamba midomo ya baba yake inacheza. Akageuza kichwa, akaelekeza kwake lile sikio la kulia.

"Eti, baba? Sijasikia."

Watu wawili watatu walikuwa wamesimama nje ya banda. Fundi aliwatazama. Akaingia ndani, akasimama mbele ya kiti, akavuta pumzi, akarudia yote kwa sauti yake kubwa, ile ile ambayo mtaa mzima unaijua, neno moja moja, mpaka mwisho. Na alipomaliza, Bosi akamwuliza, "Kwa nini ulisema hunao?"

 

Funzo

Ndugu zangu, mnanidai funzo na mimi ninalo, ingawa halijanyooka kama ninavyopenda.

Fundi Geti si mtu mbaya. Aliona aibu ya neno, na aibu yake ikalipiwa na mtu ambaye hakuwa na aibu yoyote. Mtoto kuugua sikio ni jambo la wiki mbili. Mtoto kuachwa na sikio bovu ni jambo la darasani, ni jambo la kazini, ni jambo la atakayemwoa na atakaowazaa, na mtaa mzima unapungukiwa na mtu bila kujua umepungukiwa. Bima ya watoto haijasifiwa vya kutosha kwa sababu inapofanya kazi hakuna cha kusimulia. Muulizeni binti wa Mama Mkaa.

Ninyi mnaokaa madirishani, nawaheshimu, kazi yenu inachosha. Lakini semeni watoto. Mkisema watoto hakuna mzazi atakayejibu kwamba hana.

Na wewe mzazi mwenzangu, hata kama una kadi mfukoni, nenda kaulize majina ya wanao yamo au hayamo. Ukisikia neno usilolijua usitune kifua, wala usiondoke pale mpaka umeelezwa. Foleni ikiguna, iache igune.